Mashine Waliyofulia Saruji

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniambia kwamba nimeua mashine. Hakuuliza mama ameamkaje. Hakuuliza kama mvua imepungua. Alisema tu, "Mdogo wangu, mashine ya kufulia kama ile inakaa miaka na miaka bila kuguswa na fundi. Wewe hata mwaka haujaisha umeshaiua."

Nilikuwa nimesimama uani nimeshika shuka la mama, maji yananichuruzikia mpaka kwenye viwiko. Nikakata simu. Kwetu mkubwa hakatiwi simu, na mimi sikuwahi kumkatia maisha yangu yote, ila siku ile kidole kilienda chenyewe.

Mama alipata kiharusi akitoka shambani. Alianguka kwenye njia ya migombani, mkungu wa ndizi ukaviringika peke yake mpaka kwa jirani, na ndivyo jirani alivyojua kuna jambo. Wakati huo mimi nilikuwa Bulyaga, pale Tukuyu mjini, nashona nguo kwenye chumba cha kupanga. Nilikuwa nimeachika, na mwanangu wa pekee alishajitegemea, kwa hiyo kikao cha ukoo hakikuchukua muda mrefu. Walizunguka zunguka na maneno, kaka akasema kazi haimruhusu, mke wake akasema hali ya hewa ya Rungwe inamletea kifua, kisha wote wakanitazama mimi. Nikafunga chumba, nikabeba cherehani yangu, nikarudi Mpuguso nyumbani kwa mama.

Mtu aliyelala huku upande mmoja wa mwili haukubali kusogea anahitaji shuka safi asubuhi, na mara nyingi jioni tena. Na kwetu mvua ikianza haina adabu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo ili ukungu upite, inanyesha tena. Shuka unaanika barazani, linakaa pale linanuka uvundo, unalihamishia jikoni juu ya moto, linakauka likiwa na harufu ya moshi, mama analalia moshi. Vidole vyangu vilipasuka. Nikikamua blanketi, nyufa zile zinafunguka na sabuni inaingia ndani. Kazi za watu za kushona zilirudi kwa wenyewe, kwa sababu sindano sikuweza tena kuishika vizuri.

Ndipo kaka alipoleta mashine. Aliileta mwenyewe kwenye gari, na sitasema uongo, nilipoiona nililia. Ilikuwa ya matenki mawili: upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua nguo kwa kuzizungusha mpaka zinatoka karibu zimekauka. Maji unajaza kwa ndoo. Kaka alisimama karibu nayo, akampa mke wake simu ampige picha, na kabla hajanywa hata chai picha ikawa imewekwa mtandaoni, imeandikwa kwamba mama yake hatafua tena kwa mikono.

Mama alikuwa hajafua kwa mikono tangu aanguke. Hilo niliona nilinyamazie.

Kisha akanipa masharti, mbele ya watu, kama anayemkabidhi msichana wa kazi nyumba. Usijaze nguo kupita nusu. Usitie sabuni nyingi. Usiiweke sakafu isiyo sawa. Umeme ukikatika, chomoa, maana ukirudi kwa nguvu unaunguza mota. Kagua mifuko. Usiwafulie majirani. "Ukiitunza," akasema, "itakuzika."

Nikaitunza. Niliipangia mbao chini mpaka ikatulia isicheze. Mvua kubwa zikinyesha maji ya bomba la kwetu yanakuja na tope, basi nikawa nayachuja kwa kipande cha kanga kabla sijayamimina ndani. Radi ikilia tu Mlima Rungwe, mimi nimeshachomoa waya. Nikimaliza kufua naiacha mfuniko wazi ipate hewa, jioni naifunika kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Wajukuu wa jirani walikuja kuichungulia, nikawafukuza. Mama alikuwa analala kwenye shuka kavu, lisilonuka moshi, na kila nikimgeuza ananiambia, "Ndaga," yaani asante, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Vidole vyangu vikaanza kupona. Nikapokea tena kazi mbili tatu za kushona.

Pasaka ikaja, na familia yote ikaja nayo, kwa sababu kaka alikuwa ameamua tulijengee kaburi la baba. Kwa hilo nilimuunga mkono. Wakanunua saruji, wakaleta mchanga na nondo, na kaka pamoja na wanawe wawili, vijana wakubwa wenye ndevu, wakashirikiana na mafundi kwenye ile mvua. Mimi nilipika. Niliwapikia wote, nikamwogesha mama, nikamlisha, nikamgeuza, nikarudi jikoni.

Jumatatu ya Pasaka dawa za mama za presha ziliisha. Nikamwachia wifi yangu, mke wa kaka, nyumba, nikaenda Tukuyu kuzitafuta. Niliporudi niliisikia mashine tangu njiani. Haikuwa ile sauti yake ninayoijua. Ilikuwa inasaga, kama mtu anasaga mahindi yenye mawe, halafu inagonga ukuta. Mbao zangu zilikuwa zimesukumwa pembeni. Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama cha barazani anachezea simu. Nikafungua mfuniko.

Ndani kulikuwa na suruali za jinzi za kazi za kaburini. Saruji imegandia magotini kama magamba. Juu yake makoti, juu ya makoti blanketi zito ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuthubutu kuliweka. Maji yalikuwa uji wa kijivu. Mpira ulikuwa unanuka kuungua.

"Wifi, mnafua nini humu?"

"Nguo. Si mashine ya kufulia?"

"Hizi zina saruji. Zina mchanga. Ungeziloweka kwanza na kuzisugua kwa beseni."

Akacheka. "Wifi na wewe! Mume wangu kanunua mashine, halafu nisugue kwa beseni?"

Nikaizima.  Kaka akatoka ndani kuuliza kelele za nini, nikamwonyesha. Akachungulia, akasema, "Ah, suuza tu, itatoka," akarudi kukaa. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia kwamba masharti aliyonipa mimi mbona mkewe hayamhusu. Ndipo mama, kutoka kitandani kwake, akasema kwa Kinyakyusa nisimgombeze kaka yangu, ametoka mbali.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na nikiri, bado linaniuma. Ametoka mbali. Mimi sikutoka mbali, mimi nipo hapa kila siku, kwa hiyo ninaweza kugombezwa.

Kesho yake asubuhi waliondoka na nguo zao safi. Nilisuuza ile mashine mara nyingi, nikatoa kokoto kwa vidole. Ikafanya kazi wiki chache, lakini ikawa inavuja kwa chini, kisha ikawa inanguruma bila kuzunguka, kisha siku moja ikatoa moshi mwembamba na kunyamaza. Nikaandika kwenye kundi la familia kwenye simu kwamba mashine imekufa. Ndipo kaka akapiga kuniambia niliyeiua ni mimi. Baada ya kumkatia simu, wifi akaandika kwenye kundi, watu wote wa ukoo wakisoma: "Vitu vya kisasa vinataka mtu anayejua kutunza."

Nilimwita fundi kutoka mjini. Alikuja siku ya jua dogo, akailaza mashine ubavu barazani, akafungua sahani ile ya chini inayozungusha maji. Chini yake palikuwa na tope gumu la mchanga na saruji, na kwenye ekseli kulikuwa kumejisokota kipande cha waya, ule wa kufungia nondo, bila shaka kilitoka kwenye mfuko wa mmoja wa wale vijana.

"Hapa mmefua nini, tofali?" fundi akauliza.

Sikucheka. Akanionyesha mpira wa kuzuia maji jinsi mchanga ulivyoula, maji yakapata njia ya kushukia kwenye mota, na mkanda ulivyoungua kwa kuvuta mzigo usiovutika. Nikamuuliza, kama si haya, mashine hii ingekaa muda gani. Akajikuna.

"Siwezi kukudanganya, dada. Nyingine zinakufa mapema kwa umeme. Nyingine watu wanatia sabuni kopo zima, inaganda huko chini. Nyingine zinaachwa zinarukaruka mpaka bolti zinalegea. Nimeziona za zamani zinafika miaka kumi na zaidi, na hizi nyepesi za siku hizi nimeziona zinashindwa kufika hata miwili. Ila hii haikuchoka. Hii imelishwa mchanga."

Nikapiga picha. Tope, waya, mpira ulioliwa. Nikazituma zote kwenye kundi bila neno lolote. Walisoma, maana simu inaonyesha waliosoma.  Jioni sana kaka akaandika, "Poleni kwa changamoto. Mungu ni mwema." Wifi akajitoa kwenye kundi.

Changamoto! Usiku ule sikulala kwa hasira. Asubuhi nikamwita mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Kinyala, nikamwomba aje akae na dada yake siku mbili tatu. Kisha nikampigia kaka.

"Jumamosi naondoka," nikamwambia. "Narudi Bulyaga. Mama mdogo atakaa mpaka Jumatatu, ana ng'ombe wake na mgongo wake mbovu. Baada ya hapo semeni ninyi nani anakaa na mama."

"Kwa sababu ya mashine?"

"Mashine uliiwekea masharti, kaka. Usiilemee, usiichoshe, ipumzishe, ikague. Mimi je, nani aliniwekea hata sharti moja?"

 Akasema nisiwe mtoto, tutaongea. Nadhani aliona natishia tu. Jumamosi nilimbusu mama, nikamweleza ninakokwenda na kwamba mwanawe anakuja. Akanitazama sana. Niliondoka na cherehani kichwani huku nalia njia nzima, nilijiona muuaji, na bado sikurudi.

Jumatatu kaka akaja. Mama mdogo alimpigia simu akamwambia maneno ya Kinyakyusa ambayo siwezi kuyaandika, ndiyo yaliyomleta. Aliomba likizo kazini. Ilikuwa imeingia baridi ya Juni, ukungu mchana kutwa, na mashine imelala barazani imefunguliwa tumbo. Nilikuwa nimempangia kila kitu: shuka ziko wapi, beseni liko wapi, sabuni, mafuta ya kumpaka mama mgongoni asipate vidonda. Kumwosha mama sehemu za siri alimwita jirani, mjane mmoja, amsaidie. Kufua alifua yeye.

Baada ya siku chache simu ikalia nikiwa Bulyaga nashona sare za shule.

"Mdogo wangu, shuka hazikauki."

"Najua."

"Sasa wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nazigeuza."

"Ukishazigeuza?"

"Nazigeuza tena."

 Nyuma yake mama alikuwa anamwita. Akasema, "Mikono yangu imepasuka." Nikasema, "Paka mafuta ya mgando usiku," nikarudi kwenye sare zangu. Nilitaka kufurahi, sikuweza vizuri. Nilikuwa na hasira hata na kule kupasuka kwa mikono yake, kwamba kulihitajika ndipo ajue.

Alipomaliza likizo alikuja Bulyaga kabla ya kupanda basi. Alikaa kwenye benchi la wateja, hakuniomba msamaha, kwetu kaka mkubwa haombi. Alisema yule mjane amekubali kuja kila siku na atalipwa na yeye, kaka, na kwamba fundi amepata mota iliyotoka kwenye mashine nyingine na ataifunga. Mimi nikasema nitakaa kwa mama kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, siku zilizobaki niko Bulyaga nashona. Akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Fundi aliifunga mota ile. Mashine inafua, inapiga kelele kuliko zamani, na upande wa kukamua unatikisika hata nikiweka shuka moja. Sijui itakaa mpaka lini na sijisumbui tena kukisia. Naitunza kwa sababu ya mgongo wa mama.

Krismasi walikuja tena. Wifi alishuka kwenye gari na begi, na siku ya pili akatoka nalo uani, limejaa nguo chafu, akaanza kuelekea barazani kwenye mashine. Nilikuwa namenya ndizi. Sikuinuka.

"Wifi," nikamwita. "Beseni lile pale. Bomba lile pale."

Akamtazama mumewe. Kaka alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa. Wifi akaenda bombani. Maji ya kwetu ni ya mlimani, yanauma mpaka mifupa, na nilimsikia akishtuka yalipomgusa. Nilimsikia pia akilalamika kwa sauti ya chini, muda wote, mpaka nguo ya mwisho. Sikumwonea huruma, na sijamwonea mpaka leo.