Mifupa Iliyokwenda Mtaroni

Dada yangu mkubwa alikuwa mpaa samaki sokoni, na kwa usafi hakuna aliyemfikia. Meza za wenzake zilijaa magamba na matumbo mpaka nzi wakajiona wako kwao. Juu ya meza yake ungeweza kumlaza mtoto mchanga. Mkono wa kulia ulipaa na kukata mapezi, wa kushoto ulifuata nyuma ukifagia kila kilichobaki. Kikaenda ndooni, na ndoo ikaenda mtaroni.

Dagaa na vijisamaki vingine hakuwapa heshima ya kuwa samaki. "Hao ni wa paka," alikuwa akisema. Tena mumewe alivua hao hao, kwa wavu wa macho madogo, katika hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia nyuma ya nyumba zetu. Watoto wao wote walikulia kwenye wavu ule. Lakini utani haukumwisha. "Wewe huvui, baba watoto," alimwambia, "wewe unachota." Shemeji alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka wakati ule.

Kisha ikaja habari ya ghala la barafu. Lingejengwa juu ya kilima cha makombe ya chaza, pale tulipokuwa tukiteleza utotoni bila kujua tunateleza juu ya nini. Kabla hakijasawazishwa alifika mtaalamu, kijana mpole mwenye miwani, akasema kile si kilima, ni jalala. Watu walikaa hapo zamani sana, chuma kilikuwa hakijajulikana, wakala samaki na chaza na kutupa masalia mahali pamoja, vizazi kwa vizazi. Alitaka kuchimba aone walikula nini. Akatafuta wanawake wenye mikono myepesi ya kuosha mifupa, na dada akawa wa kwanza kuchukuliwa.

Sokoni walimchapa maneno.

"Bibi wee, mifupa isiyo na supu unaifuatia nini?"

"Ameajiriwa kuwaoshea vyombo marehemu!"

"Marehemu hawana domo kama lenu," dada akawajibu, akafunga kisu chake kwenye kitambaa, akaenda.

Kazi ilifanyika chini ya turubai. Udongo uliochimbwa ulimwagiwa maji juu ya chekeche la waya mwembamba, na kilichobaki kikawekwa kwenye sinia, kikaoshwa, kikaanikwa kivulini, kikatiwa mfukoni. Siku ya kwanza mtaalamu aliwaambia, "Msitupe kitu." Dada akaitikia kwa moyo wote. Lakini mtu aliyepaa samaki tangu usichana wake anajua kitu ni kipi. Taya la pono ni kitu. Pingili ya uti wa mgongo wa chewa ni kitu. Vijiti vyembamba kama nywele, na vipingili visivyozidi punje ya ufuta, hivyo kwake vilikuwa uchafu wa meza. Mkono wa kushoto ulifagia wenyewe, bila kuulizwa.

Mtaalamu akapita, akasimama mbele ya sinia lake. "Jamani, tazameni kazi ya mama huyu. Sinia lake ndilo safi kuliko yote."

Jioni dada alikuja kwangu kunisimulia maneno hayo. Alipomaliza akayarudia, akitazama chini kama bibi harusi. Mwanamke mwenye wajukuu. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo la namna hiyo. Kesho yake alifagia zaidi, na wenzake, ambao nao walitaka kusifiwa, wakafagia kama yeye.

Siku nyingine alinionyesha pingili moja kabla ya kuitia mfukoni, pana kama mdomo wa kikombe. "Chewa huyu alikuwa mrefu kunizidi," alisema. "Unaona miviringo hii? Ndiyo umri wake. Alizeeka baharini huyu, mdogo wangu. Siku hizi tunawapata wangali watoto."

Majibu yalipotoka tuliitwa darasani. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Afisa wa uvuvi alibandika picha ubaoni, na ya kwanza ilikuwa ya sinia la dada, linang'aa.

"Watu wa kale walivua mwambani, samaki wakubwa," afisa alisema. "Samaki wadogo wa horini karibu hawamo kabisa. Kwa hiyo wavu wa macho madogo ni jambo la juzi tu, na ndio unaowamaliza wakubwa wakingali vitoto. Kuanzia mwezi ujao hori limefungwa kwa nyavu hizo."

Shemeji akasimama. "Mheshimiwa, babu yangu alivua humo. Na babu yake pia."

"Babu yako ni wa jana, mzee. Hawa ni wa zamani. Au unayo mifupa ya babu utuonyeshe?"

Darasa likacheka, hata watu waliokuwa wakila samaki wa shemeji. Akakaa. Dada hakugeuka kumtazama. Nilikuwa nyuma yake, nikaona ameukalia mkono wake wa kushoto.

Nje alimwendea mtaalamu. "Mwanangu, vidogo vilikuwemo."

"Vipi, mama?"

"Vilikuwemo tele. Nilivitupa mtaroni. Nilidhani nakusafishia."

Kijana akakaa kwenye ngazi ya darasa. "Mama, wavu wa enzi zile umeoza, uzi haubaki. Mifupa midogo ndiyo ingetuambia macho yake yalikuwa na ukubwa gani. Hiyo ndiyo niliyoifuata huku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema msitupe kitu."

"Na ukanisifu kwa usafi."

Kijana akainuka. Waliondoka pamoja hadi kilimani wakakuta zege limekwisha kumwagwa. Vilivyotupwa mtaroni navyo vilikuwa vimesombwa na mvua zamani. Mtaalamu akamrudia afisa, nasi tukasikia jibu kupitia dirishani: "Niwaambie wakubwa nini? Kwamba ushahidi umeliwa na paka?" Baadaye kijana aliongeza mstari mmoja mwishoni mwa ripoti yake, kwa herufi ndogo. Hakuna aliyeusoma.

Dada alimweleza mumewe siku ile ile. Nilikuwepo, na nilitamani nisiwepo. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Alikusifu?"

"Alinisifu."

"Mimi sikuwahi kukusifu."

Sikujua kama anajilaumu au anamlaumu, na sidhani kama dada alijua. Akatoka. Wavu akauzungushia banda la kuku.

Sasa anabeba makasha katika ghala la barafu, juu ya kile kilima. Samaki wanatoka mbali, wamegandishwa, wote ukubwa mmoja, na anaowabeba yeye ndio wanaofika mezani kwa mkewe. Wanaongea ya lazima. Utani umekwisha.

Na meza ya dada siku hizi inatisha. Magamba, miiba, vichwa, vyote vinalala hapo hapo mpaka soko lifungwe.

"Mama, futa basi meza," wateja wanamwambia. "Tazama nzi hao."

"Waache," anasema. "Chukua samaki wako uende."