Boljointi ya Upande wa Kushoto

Nakumbuka mchana mmoja pale Kotile, mwanangu, nao nataka kukusimulia. Kaa kidogo. Najua watu wa kambi ya Ifo wanakungoja na mizigo yao, lakini nimeisikia pikapu yako ikigonga ulipokata kona hapo langoni, na mlio ule naujua.

Nilikuwa kijana, dereva wa pikapu kuukuu ya kaka yangu. Ilibeba maziwa ya ngamia, mbuzi, wagonjwa, na yeyote aliyenyoosha mkono njiani, maana kwetu kumpita mtu juani ni aibu. Boljointi za mbele zilikuwa zimelika, yaani yale matufe ya chuma yanayolishika gurudumu na kuliacha ligeuke kulia na kushoto. Sasa ubaya wa nchi yetu ni huu: mchanga humeza mlio. Unatembea siku nzima ukidhani gari limepona, mpaka uguse lami ya Garissa ndipo likuseme mbele za watu. Wengi wetu tumedanganywa na mchanga.

Kaka alipochoka na kelele za lami akamleta fundi kutoka Garissa, mzee wa Kikamba aitwaye Kilonzo, mwenye maneno machache na nyundo nzito. Alikuja na boljointi mbili mpya. Ya kulia akaimaliza vizuri. Upande wa kushoto tairi lilikuwa limeshatoka na gari limeegemezwa kwenye gogo, tuliposikia yowe nyumbani. Habiba, mke wa kaka, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Bibi yetu, tuliyemwita Ayeeyo, ndiye aliyekuwa mkunga wa pale, na alisema mtoto amekaa vibaya. Apelekwe hospitali Garissa, tena upesi.

Basi la asubuhi lilikuwa limepita. Gari jingine hakuna, na simu enzi hizo zilikuwa hazijatufikia. Niliogopa, mwanangu.

Nawe unatujua sisi. Jambo likitokea, kila mwanamume ana rai yake. Wakakusanyika. Huyu akasema ile boljointi ya zamani ifungwe kwa blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia kila kitu, tairi lirudishwe, twende tawakkal, tukimtegemea Mungu. Mwingine akasema upande mmoja mpya unatosha. Kaka alikuwa ameshika fimbo, macho mekundu.

"Mama nakufa, wewe nabiga nyundo tu!" akamfokea fundi kwa Kiswahili chetu Wasomali cha kuokoteza. "Rudisha tairi! Mungu iko!"

"Mungu yuko," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Na hii kazi alinipatia mimi."

Usidhani hakuogopa. Nati ilimponyoka ikazama mchangani, tukaitafuta kwa vidole huku Habiba akilia. Alikuwa mgeni katikati ya watu wenye hasira, na lau mama yule angefia pale, sijui nani angemtetea. Hata mimi nilikuwa nimeshalikumbatia tairi, nangoja neno la kaka.

Ayeeyo akatoka nyumbani kuja kutukemea sote. Fundi akamwambia, "Mama, kuja. Shika hapa, tingisha." Ayeeyo akatingisha. Chuma kikacheza huku na huku. Yeye alikuwa ameunga miguu ya mbuzi na ya watoto maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa.

"Hii mguu nimetoka kwa nyonga," alisema. Kisha akatugeukia. "Nyinyi nataka Habiba aondoke, ama nataka afike?"

 Akamwambia fundi amalize, akarudi kwa mgonjwa wake.

Kungoja kule, mwanangu, Mungu akuepushe nako. Nyundo inalia huku, mama analia kule, na chuma kimegoma kutoka. Kilipotoka, fundi alilishika lile tufe kwa vidole viwili likachomoka kwenye kikombe chake kama jino la mtoto. Kaka aliliona. Akaketi chini mchangani na fimbo yake, hakufoka tena. Hata hivyo fundi alipokwisha kuifunga mpya na kuchukua kile kipini kidogo kinachozuia nati isifunguke, watu walisema kiachwe. Akakitia, akakikunja, ndipo akanipa ruhusa ya kufunga tairi.

Nikaendesha. Kila shimo nililisikia kifuani. Kaka na fundi walikuwa nyuma wakilishikilia godoro alilolalia Habiba lisiruke, Ayeeyo akisoma dua. Habiba alijifungua mlangoni mwa hospitali. Mtoto alichelewa kulia, na ukimya ule sitausahau. Kisha akalia. Mama na mwana wakapona.

Na sasa nisikie. Mpaka leo wako jamaa zetu wanaosema, "Yule fundi alimchelewesha Habiba." Sijamsikia hata mmoja akisema alimfikisha. Tungeondoka vile tukapinduka njiani, wangejua fundi alitaka kutuepusha na nini, lakini ajali isiyotokea haina wa kuishukuru.

Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema kwamba anayekawia hutukanwa, hilo nakwambia mimi. Gari likigonga, usiliendeshe mchangani ili usisikie. Boljointi moja ikiisha, badilisha zote mbili, maana zimetembea njia moja. Na ukishaliinua gari, usilishushe kwa sababu watu wanapiga kelele, hata wakiwa damu yako, hata ikiwa mwenye kulia ni wako. Watakulaumu, naam. Waache. Heri walaumu wakiwa hai.

Wapigie simu watu wa Ifo, waambie wangoje mpaka pikapu itengenezwe. Mwenyezi Mungu akulinde na barabara, na pale usipojua kuwa amekulinda, akulinde zaidi. Amin.