Macho ya Mbuzi na Darasa la Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi hupitia buchani, nyuma ya stendi ya Same, kuchukua macho ya mbuzi. Mwenye bucha huniwekea manne kwenye kopo. "Daktari, kitoweo chako hiki," husema kila wiki, na kila wiki wateja hucheka kama ndiyo kwanza wanasikia. Mwanzoni nilijitahidi kueleza kwamba ni ya kujifunzia upasuaji. Nimeacha. Mtu akishaamua kwamba unakula macho, hata umwonyeshe cheti habadiliki.

Mimi ndiye daktari wa macho pekee katika hospitali yetu. Mwenzangu alihamishwa miaka miwili iliyopita, akaniachia kiti chake, darubini ya upasuaji na nusu gunia la tangawizi aliloletewa na mgonjwa wa Myamba. Tangawizi niliimaliza. Tangu hapo sina mtu wa kumwita nimwambie, njoo utazame hapa, unaonaje. Nesi wa chumba cha upasuaji ni hodari kweli, lakini yeye ana vifaa vyake na mimi nina jicho langu, na tunaweza kumaliza asubuhi nzima bila kusemezana zaidi ya "mkasi" na "pamba".

Ndiyo maana nililipenda darasa la mtandaoni la kila Alhamisi. Ili leseni ihuishwe, daktari lazima akusanye alama za mafunzo endelevu, na wapo wanaozikusanya kwa kufungua kompyuta kisha wakaenda kupika. Mimi hukaa. Saa kumi jioni hujifungia kwenye stoo ya miwani, ambako mtandao hushika, nikatazama visanduku vyenye majina ya watu waliozima kamera. Mwalimu wetu ni mpasuaji mzee ambaye sijawahi kuonana naye. Nikiuliza swali, naambiwa sauti inakatika. Narudia. Inakatika tena. Basi huandika "asante, nimeelewa", hata kama sijaelewa, na jambo hilo huniudhi hadi kesho yake.

Lakini kuna siku mwalimu alisema kitu nikakishika. "Wewe unayefanya kazi peke yako, sema kila hatua kwa sauti. Uliza kana kwamba unamuuliza mwenzako, kisha ujibu. Mkono husikiliza." Nikaanza kwenye macho ya mbuzi. "Mkato umefika?" "Bado kidogo." "Tuingie?" "Subiri." Baada ya miezi kadhaa yule anayejibu alikuwa na sauti yake, nzito kuliko yangu, na tabia ya kunikemea nikiwa na haraka. Nikawa namtegemea. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akaja bibi mmoja mfugaji kutoka Kwakoa, mrefu, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe. Jicho la kushoto lilikufa zamani kwa kuumia. La kulia lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho mgumu, wa rangi ya chai ya rangi. Jicho la namna hiyo, tena likiwa ndilo lililobaki, hupasuliwa na daktari aliye mzoefu kuliko wote. Nikaandika barua ya rufaa kwenda Moshi. Mkwewe akamsomea, naye akatikisa kichwa.

"Nimetoka Kwakoa sioni njia," alisema. "Huko mbele siendi. Wewe si daktari wa macho?"

"Ndiyo, bibi. Lakini hilo ndilo jicho lako la mwisho. Nikikosea, ni giza moja kwa moja."

"Hata sasa ni giza. Fanya, mwanangu."

Nilimpangia siku ya wiki mbili mbele, makusudi, na wiki hizo mbili nikachukua macho ya mbuzi kila siku. Mwenye bucha akaacha utani, akadhani nimepatwa na jambo. Alhamisi nilijaribu kumuuliza mwalimu kuhusu mtoto wa jicho mwenye kiini kigumu kama kile. Sauti ikakatika.

Siku yenyewe nilimchoma bibi sindano ya ganzi, nesi akamfunika uso kwa kitambaa, likabaki jicho tu chini ya taa. Niliogopa sana. Nikaanza kusema.

"Mkato unatosha?"

"Ongeza, kiini ni kikubwa."

"Sasa kinatoka?"

"Usivute. Usivute, nakwambia!"

Sikuvuta. Nilingoja, nikapanua njia kidogo, na kiini kikateleza kikatoka kizima. Nesi akashusha pumzi. Nikaweka lenzi.

Kesho yake asubuhi nilimwamkia kitandani wodini, nikamtoa bandeji. Alipepesa. Akahesabu vidole vyangu bila kuambiwa, akatazama vifungo vya koti langu, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, akasema amekonda. Machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka, kwa hiyo nikajifanya naandika kwenye faili. Kisha bibi akageukia mlango, akatazama dirishani, akainama akachungulia nyuma yangu.

"Yuko wapi mwenzako?"

"Nesi? Ametoka kidogo, bibi, sasa hivi atarudi."

"Nesi namjua. Yule daktari mwingine, uliyekuwa ukimuuliza. Yule mkali. Nataka nimshukuru."

Ningeweza kusema ameshaondoka. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingemtosha.

"Hakuna mwingine, bibi," nilisema. "Nilikuwa nasema mwenyewe."

Akanitazama kwa lile jicho lake moja, bado jekundu kidogo.

"Siku zote?"

"Siku zote."

Hakucheka. Alijisogeza hadi ukutani, akakusanya shuka lake, akapigapiga godoro kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema.

Foleni ya wagonjwa ilikuwa imeshafika getini. Nikakaa.