Waridi Lililobanduka

Jirani yake Safaa pale Gombani ana masinia ya kizamani, ya bati jeupe lenye mawaridi ukingoni, kayatundika ukutani kama wengine wanavyotundika picha. Mgeni akipiga hodi, huteremsha moja, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akaligonga kwa ukucha alisikilize mlio wake, ndipo apakue. Mikono yake ya hina haijui papara. Na akishaliweka mkekani hulizungusha kidogo, ili waridi lililobanduka rangi limwelekee yeye mwenyewe. Safaa alidhani ni madaha tu ya mtu anayependa vyombo vyake.

Mpaka siku mama mkwe alipokuja kutoka Kengeja kwa mara ya kwanza. Jirani alimwazima sinia, akaitwa naye ale. Safaa alipakua wali kwa kiwewe, na walipokwisha kuketi ndipo alipoona ukoko mweusi umekaa mbele ya mkwe hasa. Jirani akanyoosha mkono bila haraka, akalizungusha sinia.

"Ngoja, bi mgeni, upate waridi zima."

Na kwa kuwa kila mtu hula kilicho mbele yake, ukoko ukawa wa jirani. Aliutafuna taratibu, huku akiulizia mihogo ya Kengeja, uso mkunjufu.

"Mwanangu kapata mpishi," mkwe alisema akinawa.

Safaa akatazama upande wa jirani. Hapakuwa na hata punje, ila waridi lililobanduka.