Baraza la Sahani Zilizovunjika

Mke wangu Margareth hajawahi kufika Ulaya. Hata Mbeya alifika mara moja tu, tena akiwa mgonjwa. Lakini muulize habari za Barcelona, utachoka wewe.

Mji huo alioneshwa kitabuni na Sista Nuria, Mhispania aliyekuwa muuguzi wa misheni. Humo mlikuwa na mitaa ya kale ya mawe matupu, myembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Mlikuwa na kanisa lenye minara kama vichuguu, lililoanza kujengwa bibi yake Sista hajazaliwa, na bado halijaisha.

"Fundi gani huyo?" niliuliza. Mimi ni Alois, fundi saruji wa mtaa wa Malangali, na sijawahi kukaa kwenye kazi ya mtu zaidi ya miezi mitatu.

Margareth hakunisikia. Alikuwa akitazama picha ya benchi refu lililo juu ya kilima, limejipinda huku na huku, limevikwa vipande vya vigae.

"Hii ni kazi ya kusiriba," akasema. "Naiweza."

Nilicheka. Kwetu Ufipa kusiriba nyumba kwa udongo ni kazi ya wanawake, na hakuna aliyemshinda. Lakini serikali iliporuhusu biashara huria, saruji iliyokuwa ikiuzwa kwa kibali ikajaa madukani, na kila mwenye nazo akataka ukuta wa saruji. Wateja wake wakawa wangu. Mwaka mzima hakuitwa hata nyumba moja. Lilimuuma, nami, Mungu anisamehe, sikuona kwa nini.

Mwaka tisini na nne, Halfani, mwenye duka Katandala, alishusha makreti ya sahani kutoka Tunduma. Kwa barabara ile ya miaka ile, nusu zilifika vipande. Margareth akamfuata.

"Shikamoo, mzee Halfani. Nipe hivyo vipande na mifuko miwili ya saruji. Nitakujengea baraza la kukalia wateja, watu watoke Malangali kuja kulitazama."

"Marahaba, mama. Na likipasuka?"

"Sitashika kazi ya ujenzi tena."

Halfani akakubali. Mimi Margareth akanikataza nisikanyage pale.

Sasa sikiliza alichofanya. Udongo wa kusiriba hulazwa hadi kesho yake ili unate. Naye akakoroga mfuko mzima wa saruji jioni, akaufunika gunia, akaenda zake. Asubuhi alikuta jiwe. Katandala nzima ilicheka, na mimi niliyekwenda kuchungulia nikacheka kuliko wote. Aliponigeukia nikaona analia. Nikarudi nyumbani.

Machozi aliyafuta mwenyewe. Umbo lote akalijenga kwa matofali na udongo wa kichuguu uliolazwa vizuri, kama anavyojua yeye. Saruji iliyobaki akaikoroga kidogo kidogo, akaipaka nyembamba juu, akipachika vipande: maua mekundu, kingo za buluu, jogoo asiye na kichwa. Likatoka baraza la kujipinda, zuri, sijui niseme nini.

Novemba mvua zikaanza. Nilipita pale kila asubuhi. Nitasema ukweli: mwanzoni nilikuwa nautafuta ufa. Kufikia Januari nilikuwa naomba nisiuone. Aprili mvua zikaisha, baraza bado ni zima.

Mei akaja nyumbani Kheri, tajiri wa mabasi. Nikamkaribisha kiti.

"Natafuta fundi," akasema.

"Umefika."

"Si wewe, kaka. Yule wa sahani."

Margareth alitoka jikoni akifuta mikono. Wakazungumza wao. Mwishoni akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina kazi wiki ile, kwa kuwa kukoroga saruji bado hakumpendezi.

Siku ya tatu pale kwa Kheri, akapita Polikarp, fundi mwenzangu tuliyejifunza naye kazi. Akasimama, akanitazama nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Alois! Umekuwa saidia fundi? Fundi mwenyewe nani?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Baba! Saruji!"

Nikanyanyua karai, nikakimbia.