Sauti Nyuma ya Kabati

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla ofisi haijafunguliwa, viatu mkononi kwa sababu ya tope la Nyakoe, cheti changu cha kupiga chapa kimo ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na ofisi yetu mjini Kisii ilikuwa ikitengeneza vijitabu vya kuwafundisha wakulima: chai, ndizi, pareto, ng'ombe wa maziwa. Karani Mkuu, mtu mnene mpenda mzaha, alinikalisha mbele ya mashine akaniambia, "Mwenzako ndiye huyu. Yeye atasoma, wewe utapiga." Niliinua macho nikayashusha papo hapo. Alikuwa Mzee Ogeto, ndugu wa ukoo wa baba mkwe wangu.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Sisi Wagusii tuna chinsoni, yaani adabu ya kuoneana haya kati ya mtu na wakwe zake. Ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe vile vile. Hatupeani mikono, hatuketi bega kwa bega, simkazii macho usoni, na yeye hatamki mbele yangu neno lolote la aibu. Sasa hebu fikiria kuwekwa naye meza moja kutwa nzima. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kukataa kazi niliposikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Mzee alikuwa amelisukuma kabati la mafaili hadi katikati ya chumba na kuweka kiti chake upande wa pili.

"Mama," sauti ikatoka huko, "tuanze."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Afisa aliandika rasimu kwa mkono, akaijaza alama: mstari mmoja chini ya neno, mistari miwili, duara, mshale, herufi pambizoni. Alama hizo hazikumhusu mkulima hata kidogo. Zilikuwa amri kwa mpiga chapa: hiki ni kichwa, kiweke katikati, hili ni onyo, likaze, hapa anza aya. Mpiga chapa mzuri huzitii zote kisha akazifuta, ukurasa ukabaki safi, umepangika, na mkulima asijue kama ziliwahi kuwapo. Vyaelea, vimeundwa.

Wapiga chapa wengine waliiona rasimu kwa macho yao. Mimi yangu ilikuwa nyuma ya kabati, kwa hiyo ilimbidi Mzee aitamke kila alama. Taratibu tukajitungia lugha yetu. "Shuka" maana yake mstari mpya. "Ingia" ni kusogea ndani nafasi chache. "Katikati" inajieleza. "Simamisha" ni herufi kubwa tupu, kwa sababu tulipiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta, na ukilipiga neno mara mbili ili liwe zito, herufi za duara huchomoka na kuacha matundu. Aliyasoma hayo yote kwa sauti moja na maneno ya kijitabu, polepole, kama mtu anayesoma Zaburi kanisani, na vidole vyangu vikamfuata.

Tatizo lilikuwa vijitabu vya ng'ombe. Kiwele, kupandisha, chuchu: hayo hawezi kuyatamka mbele ya mke wa mwanawe. Basi akilifikia neno la namna hiyo alikohoa kidogo, nami nikaruka nafasi. Mwisho wa ukurasa aliiacha rasimu juu ya kabati akatoka nje kuota jua, nami nikajaza mwenyewe. Hatukupanga hilo kwa maneno, na tungepangaje?

Halafu msimu mmoja wa baridi akashikwa na mafua, akawa anakohoa kutwa. Tulikuwa tukipiga kijitabu cha kukausha pareto, kazi ya haraka, wala hakuna aliyekumbuka kukikagua. Kikatoka mashine ya kurudufisha kimejaa mapengo kila ukurasa. Karani Mkuu alikigeuza huku na huku, miwani ikimshuka puani.

"Bi Moraa," akaniuliza, "kwani siku hizi pareto nayo ina chinsoni?"

Nilicheka mpaka nikaegemea mashine. Nyuma ya kabati nilisikia kiti kikitikisika, nikajua Mzee naye anacheka. Tulikirudia kijitabu kizima, na hakuna aliyenung'unika.

Miaka ikapita hivyo. Nilizaa, nikarudi, nilifiwa na mama, nikarudi. Siku niliyorudi kutoka matanga, Mzee alisoma polepole kuliko kawaida na hakusema kwa nini. Kwetu nyumbani watu walinisemesha kwa kuniagiza, shambani na jikoni. Pale ofisini palikuwa na mtu aliyenitunza kwa sauti tu. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mzazi, nalisema wazi sasa kwa kuwa nimezeeka. Nilichoogopa ni kimoja, kuipoteza sauti ile.

Ikaja miaka ya sabini, na Afisa mpya akaletwa, kijana wa kutoka mbali, hodari wa kazi na mwenye haraka. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akatazama.

"Kabati hili linafanya nini hapa kati?"

Karani Mkuu akajaribu kueleza desturi. Afisa hakumngoja amalize. "Hapa ni ofisini, si nyumbani kwa mtu. Lirudishwe ukutani."

Likarudishwa. Mzee Ogeto alichukua kiti chake akaenda kuketi varandani, nje ya dirisha langu, mgongo ameuelekeza kwangu, akaendelea kusoma. Kisii nayo, mnaijua, mvua ya alasiri haikosi. Mabati yakinguruma yeye hupaza sauti: "Shuka! Ingia! Simamisha!" Wapita njia wakawa wanasimama kumsikiliza na kucheka. Afisa akaona anaaibishwa. Akatuita, akasema mmoja wetu atahamishwa.

"Nihamishe mimi," Mzee akasema, akiangalia ukuta. "Huyu ana watoto wadogo nyumbani."

Alipelekwa Kebirigo, kwenye kiofisi kisicho hata na mashine. Siku ya kuondoka alikuja dirishani, akasimama kando nisimwone. "Mama, baki salama. Na kwenye mkato, upumue." Nilitaka kumwambia kwamba kila nilichokijua katika kazi ile nilikijua kwa mdomo wake, na kwamba asingepaswa kwenda yeye. Nikasema, "Ndiyo, baba." Basi, ni hayo tu niliyoyatoa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini tukaletewa furushi kutoka Nairobi. Wakuu wetu huko walikuwa na kompyuta ya kuhesabia majani ya chai, na furushi lilikuwa mwongozo wa programu yake, yaani maagizo yanayoiendesha. Ulichapwa kabla ya kupangwa. Kila baada ya mistari michache palikuwa na nukta na herufi mbili, na karatasi ya maelezo ikifafanua: hii ni kuruka mstari, hii ni kuingiza ndani, hii ni kuweka katikati. Tulitakiwa kuziondoa nukta hizo zote na kuupiga upya, usomeke na makarani wa kununua majani.

Nilisoma ile karatasi ya maelezo, na machozi yakaanza kunitoka. Shuka. Ingia. Katikati. Afisa akapita akaniona.

"Mama Moraa, kazi imekushinda?"

"Hapana. Namkumbuka Mzee Ogeto."

Akaitazama ile karatasi mkononi mwangu. "Mimi sikuzijua desturi zenu," akasema.

"Hukuuliza, bwana Afisa."

Namsifu kwa hili: aliandika siku ile ile Mzee arudishwe. Jibu likaja kwamba amekwisha kustaafu na yuko kwake Magwagwa. Mwongozo nikaupiga peke yangu, nikijisomea kwa mdomo.

Nami nimestaafu zamani. Mjukuu wangu ananionyesha kompyuta ikizifuta alama kwa kubonyeza mara moja, nami nafurahi, sina kijicho. Vijana msitese vidole vyenu. Ila hamna wa kuwasomea, na hilo nawaonea huruma.

Kwenda kumwamkia Mzee huko Magwagwa nilikuahirisha kila likizo, maana mkaza mwana haendi tu kwa baba mkwe bila sababu. Sababu ikaja alipofariki. Waumini walipanga foleni kumuaga, jeneza limefunguliwa kichwani, nami nikasogea hatua kwa hatua nikijiambia kwamba leo nitamtazama, leo hakuna wa kunilaumu. Nilipofika mbele yake, niliinamisha macho. Nikaliona koti lake, vifungo vyake, na mikono waliyokuwa wamemkunjia kifuani. Aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega nipite, nami nikapita. Uso wake sikuuona.