Glasi ya Baba na Maksai Wetu

Ng'ombe aliyekonda ana harufu yake, kama gunia lililolala vumbini, na mwaka ule wa ukame kwetu Kalama kote kulinuka hivyo. Nilikuwa darasa la nne, na masomo yangu yaliishia hapo, kwa hivyo Kiingereza usiniulize. Lakini msemo mmoja wa Waingereza naujua kuliko waliousomea. Mgeni kutoka mjini aliuleta kanisani. Aliweka mezani glasi yenye maji hadi katikati, akasema mwenye matumaini huiona imejaa nusu, na aliyekata tamaa huiona nusu tupu. Sisi tulikuwa tumechimba mchanga wa mto tangu alfajiri tukitafuta maji. Nyanya mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na hiyo nusu ingine ni nani amekunywa?" Kanisa likaangua kicheko. Baba yangu hakucheka. Aliyabeba maneno yale hadi nyumbani kama dawa.

Tulikuwa na maksai mmoja, Sajini. Kwetu maksai mmoja anatosha, kwa sababu unamfunga nira na wa jirani, mnalima kwako, kisha kwake. Ukimkosa, hakuna anayekuhitaji. Mnunuzi wa ng'ombe alipopita, Sajini alikuwa bado anatembea, na mama alitaka auzwe tupate mahindi ya kula.

"Baba Mutheu, watoto watakula nini?" mama akamuuliza baba.

"Na mvua ikinyesha tutalima na nini, vijiko? Huyu bado amejaa nusu."

Mnunuzi akacheka. "Haya mzee, ngoja. Nikirudi utaniuzia mkeka wa ngozi."

Haikuchukua muda Sajini akashindwa kuamka. Kila asubuhi tulimwinua, kama ilivyofanywa boma kwa boma: Mzee Mbithi, jirani tuliyelima naye, na baba wanapitisha mti chini ya tumbo, mimi na mama tunavuta mkia. Akisimama akitetemeka, baba anatugeukia: "Mnaona?" Hadi asubuhi moja Mzee Mbithi akautupa mti chini. "Ndugu yangu, hapa tunainua ngozi tu." Baba akashika pembe peke yake, akavuta, akavuta, mpaka mama akamshika mkono. Jioni Sajini alikuwa amekufa.

Halafu mvua ikanyesha, nyingi, bila haya. Mzee Mbithi akaunganisha maksai wake na wa mtu mwingine. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Sisi tukashika majembe, shule nikaiacha, na magugu yakatushinda kabla ya mahindi kufika magotini.

Leo nina nyumba za kupanga mjini Mlolongo. Nilianza kwa kuponda kokoto, sikusaidiwa na mtu. Wapangaji wangu waliosoma hupenda kuniambia mambo yatakuwa sawa, nawaacha waseme. Nina vingi kuliko vyote alivyopoteza baba, na sijapata cha kumrudishia. Mwaka jana nilimpelekea maksai wawili wanono, na nyasi zilikuwa kijani hadi mtoni. Akawatazama kidogo, hakuwagusa, akaniuliza mnunuzi atapita lini.